Daftari Lililonihamisha Kanisa

Ni kweli, niliwaacha watu wa nyumbani kwa mume wangu waamini kwamba nimehamia kanisa la Jumamosi. Kwa muda mrefu nilikana. Mume wangu aliponiuliza, nilimwambia sikutamka neno lolote kuhusu kanisa, na hilo ni kweli, kama vile ni kweli kwamba paka aliyeketi kimya kando ya sufuria tupu hajasema uongo. Nilisema walijidanganya wenyewe. Nilisema katiba inampa kila mtu uhuru wa kukosea. Nilisema mengi, maana nimesoma, na mtu aliyesoma hakosi la kusema hata akiwa na makosa.

Lakini nilijua, nikanyamaza, kwa sababu kimya hicho kilinipa kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu niolewe: Jumamosi nzima.

Lawama iliyobaki nalitwika daftari.

Nafanya kazi katika ofisi moja mjini Kakamega, kazi ya kuandika ripoti ambazo husomwa na aliyeziandika. Ninaingia Jumatatu na kutoka Ijumaa. Jumapili ni ya kanisa, na baada ya kanisa ni ya mikutano ya kanisa. Inabaki Jumamosi. Huku kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa Jumamosi ni ya nani, ila kwa msomaji wa mbali nitasema tu kwamba ni siku ya mazishi, na ya mikutano ya kupanga mazishi, na ya mikutano ya kuwashukuru waliohudhuria mazishi. Wasipokufa watu, wanaoa. Wasipooa, wanachangisha karo. Na mimi, kwa kuwa nimeolewa katika ukoo mkubwa ambao makao yake yako Iguhu, karibu kiasi kwamba siwezi kusingizia safari, ni mke wa watu wote hao.

Nilikuwa pia na kitabu. Mhariri mmoja wa Nairobi alikubali insha zangu, akanipa muda, nikaupitisha. Akaniongezea, nikaupitisha tena. Mara ya tatu aliniandikia kwa upole ule wa daktari anayevuta kiti aketi kabla ya kusema. Alisema mwisho wa Agosti ndiyo mwisho. Zisipofika, nafasi yangu ingepewa mwingine, na baada ya hapo hangeweza kuniahidi kitu. Nimefika umri ambao mtu akikuambia "mwaka ujao" unamwangalia vizuri usoni. Tena watu walikuwa wameacha kuniuliza kitabu kimefika wapi. Mwanzoni huuliza kwa hamu, baadaye kwa huruma, halafu wanaacha kabisa, na hapo ndipo unapojua umehesabiwa miongoni mwa wale wanaoandika kitabu hadi wanapozikwa, Jumamosi.

Kwa hiyo nikaenda dukani nikanunua daftari la kupangia maisha. Lilitoka ng'ambo. Lilikuwa na jalada gumu, utepe wa kuwekea alama, na mpira wa kulifunga lisifunguke, utadhani lina kitu ndani kinachotaka kutoroka. Kila wiki ilikuwa na kurasa mbili zilizopigwa mistari ya saa, kuanzia alfajiri. Chini yake kulikuwa na vijisanduku vingi vidogo vya mazoea: unaandika tabia unayotaka kuijenga, na kila siku ukiitimiza unapaka kijisanduku rangi. Mbele kabisa kulikuwa na kurasa za mawaidha. Aliyeyaandika hakujitaja jina, lakini nilimjua papo hapo. Alikuwa mtu asiye na mashemeji.

Nilianza kwa imani. Niliandika: maji mengi, matembezi ya jioni, kutoshika simu kabla ya kifungua kinywa, kuandika.

Maji yalishindwa kwanza. Choo cha ofisini kwetu hufungwa, na ufunguo hukaa kwa mwenzetu mmoja ambaye huenda nao kula chakula cha mchana, na huwa hali haraka. Matembezi ya jioni yakafuata. Mvua ya Kakamega ina nidhamu kunishinda. Saa niliyojipangia mimi kutembea ndiyo saa iliyojipangia yenyewe kunyesha, na kati yetu wawili hakuna aliyekosa ila mmoja alikuwa na ngurumo. Nikahamisha matembezi yakawa ya asubuhi. Hapo nikakutana na vijana wa bodaboda.

"Madam, twende."

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi mahali."

"Basi panda nikupeleke."

Mwenzake aliyekuwa ameegemea pikipiki akamkemea kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha: "Wacha mama wa watu. Huoni ako na mawazo?" Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita hapo wananisalimia kwa upole kama mfiwa. Nikafuta matembezi.

Ile ya simu haikuishi hata wiki moja. Mama mkwe wangu hupiga simu alfajiri. Anauliza kama tumeamka, kama mvua ilinyesha, kama watoto walioko chuoni wamepiga simu. Kwa imani yake, asiyepokea simu alfajiri amefariki, na hatua inayofuata ni kumpigia jirani. Nilijaribu mara moja kutopokea. Jirani alikuja kubisha akiwa amejifunga shuka.

Mawaidha yalisema usikate tamaa, bali urekebishe mfumo ufae maisha yako. Nikarekebisha. Nilifuta mistari ya saa nikachora yangu. Nilibandika karatasi juu ya kurasa. Nilinunua kalamu za rangi na kuyapa mambo rangi zake: kahawia kwa matanga, manjano kwa wageni waliokuja bila taarifa, nyekundu kwa michango, kijani kwa kuandika. Kila Jumapili usiku nilitumia saa nzima kupanga jinsi nitakavyookoa saa nzima. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapotezi maneno, alisimama nyuma yangu akatazama.

"Hii kahawia ni nini?"

"Matanga."

"Na kijani?"

"Ni kitabu."

Akainama, akatafuta. "Iko wapi?"

Ukurasa ulifanana na shamba la mahindi lililonyimwa mbolea. Nililia kidogo, chooni, ambako kwangu nyumbani angalau ufunguo ninao. Halafu nikarudi kwenye mawaidha kama mgonjwa anavyorudi kwa daktari aliyemkosea dawa, nikachagua upya, safari hii mambo yaliyoweza kuishi Kakamega. Niliacha chai, kwa sababu chai huku si kinywaji, ni kikao. Ukikubali kikombe umekubali alasiri. Nilipunguza nyama, kwa ajili ya magoti. Nilianza kupika Ijumaa chakula cha Jumamosi, kabla giza halijaingia, ili kesho yake nisishike jiko. Nililala mapema. Vijisanduku vikaanza kujaa. Nilivipaka rangi kwa furaha ya mtoto wa chekechea.

Likabaki wazo la mwisho, lililoandikwa kwa herufi nene: tangaza mipaka yako. Wajulishe wapendwa wako wakati ambao hutapatikana, kwa uwazi na bila kutoa sababu, kwa kuwa sababu hukaribisha mjadala.

Nikaingia katika grupu la familia, lile ambalo hakuna anayetoka hata akigombana na wote waliomo, nikaandika: "Wapendwa, kuanzia wiki hii hadi mwisho wa Agosti sitapatikana siku za Jumamosi. Naomba mnielewe. Mbarikiwe."

Grupu likanyamaza. Hili grupu huwa halinyamazi hata kwa kifo. Baada ya muda mrefu mtu mmoja akaandika "Sawa." Mwingine akaandika "Mungu akuongoze." Nikaona watu wangu wamekomaa kuliko nilivyodhani.

Sikufikiria jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu huku angenieleza. Kwetu kuna mambo mawili tu yanayoweza kumwondoa mke wa watu katika Jumamosi. Moja ni jela. La pili ni lile kanisa linaloabudu siku hiyo.

Ijumaa hiyo, jua likielekea kuzama, mulamwa wangu alifika. Ndivyo tunavyoitana, mimi na dada ya mume wangu. Anauza nguo sokoni Lubao, ana macho ya kupima kitambaa, na hakuwahi kufunga duka mapema kwa ajili yangu. Aliketi, akanusa.

"Mulamwa, kumbe ushapika?"

"Nimepika ya leo na ya kesho."

"Na ya kesho!"

"Kesho sitaki kushika jiko."

Akatazama dirishani, jua lilipofika, kisha akanitazama mimi. "Sawa. Basi nipe chai niende, giza lisinikute."

"Nitakupikia yako. Mimi nimeacha."

"Umeacha chai."

"Nakunywa maji moto."

"Maji moto." Alilitua neno hilo polepole kama anayeweka yai mezani. "Na nyama?"

"Nimepunguza. Najisikia mwepesi kweli."

"Na haya, mulamwa, ni nani alikufundisha?"

Nilifurahi. Katika wiki zote hizo, ukimwacha mume wangu, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kuhusu daftari. "Ni mpango fulani ninaofuata," nikamwambia. "Nilianza polepole, nikaona unanifaa. Umenibadilisha maisha. Ukitaka nitakuonyesha, hata wewe unaweza kuanza."

Akasimama. "Mimi? Asante. Mimi niko sawa pale nilipo." Mlangoni aligeuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Lakini sisi bado ni watu wako. Usitusahau." Akaenda bila kunywa chai, na mimi nikaenda kupaka vijisanduku rangi.

Kesho yake mume wangu alienda peke yake kwenye mazishi ya binamu yake, akarudi jioni na viatu vimejaa tope.

"Hongera," aliniambia akivifungua kamba.

"Ya nini?"

"Ya kuhama. Nyumbani wanasema umeingia kanisa la Jumamosi. Wamenipa pole mpaka nikachoka. Nimepewa kuku sahani mbili."

Niliketi. Nikaihesabu Ijumaa ile, kitu kimoja kimoja: chakula, chai, nyama, jua, yale yale wanayoyashika waumini wa kanisa hilo. Hata mchungaji wao mwenyewe asingenitilia shaka.

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Niliwaambia wakuulize."

"Wataniuliza?"

"Nani atakuuliza? Dini ya mtu haiulizwi, inasemwa." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, kwa sauti nyingine, "Mwambie mama mwenyewe. Usingoje."

Nilikusudia kumwambia. Ushahidi upo: niliandika katika daftari, Jumapili baada ya ibada, "kurekebisha habari za kanisa." Lakini siku hiyohiyo ya Jumamosi, wao wakiwa mazishini, nilikuwa nimekaa mezani tangu asubuhi na simu haikulia. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa nimeandika insha nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuikata vipande vya kuunganisha na gundi ya usahaulifu. Nilikuwa nimesahau kwamba siku inaweza kuwa ndefu hivyo. Nikaona Jumapili si siku nzuri ya kurekebisha habari. Watu huwa wamechoka.

Daftari lile lina mshale mdogo wa kuonyesha kwamba jambo limesogezwa wiki ijayo. Katika mfumo mzima, mshale ndio sehemu pekee niliyoimudu vizuri. Nilisogeza ukweli kutoka wiki hadi wiki, Juni, Julai, na kijani kikaanza kuonekana kwenye ukurasa.

Lakini mtu hapewi Jumamosi bure. Sikuweza kutoka nje. Muuza maziwa wetu ana dada aliyeolewa Iguhu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilipaswa kuwa nimekwenda kuabudu. Nilifunga mapazia. Nilipiga chafya ndani ya mto. Ijumaa moja gesi iliisha kabla sijapika, kesho yake nikashinda na njaa nikiandika insha kuhusu ukarimu. Daftari likahitaji safu mpya, nikaiita "kutoonekana," na nayo nikaipaka rangi, ya kijivu.

Jumapili ndizo zilizoniumiza. Tulikuwa tukienda Iguhu, kama kawaida, baada ya ibada yetu ya mjini, ambako hakuna wa nyumbani wa kuniona, na mama mkwe alikuwa ameamrisha chakula changu kipikwe kando. Ugali wangu, obusuma, ulikuja na mboga ya mrenda. Mbele yangu, kwenye meza hiyohiyo, kulikuwa na ingokho, kuku wa kienyeji aliyepikwa na mtu anayejua, mchuzi wake umetulia, na bakuli lilipita chini ya pua yangu likielekea kwa wengine. Mama mkwe alilisogeza mwenyewe mbali nami, kwa upole, kama anayemwondolea mtoto kisu. Daftari lilikuwa limesema nipunguze nyama, halikusema nikomeshwe. Niliwaza kusema neno. Nikakumbuka Jumamosi. Nikala mrenda.

Mama mkwe wangu ameongoza wanawake wa kanisa lake kwa miaka mingi. Nilipokuja kuolewa, ni yeye aliyenisimamisha mbele yao akanifundisha nyimbo zao moja baada ya nyingine, mimi niliyetoka kanisa jingine na sauti mbovu. Miezi yote ile hakuniuliza lolote. Alipiga simu alfajiri kama kawaida, akauliza mvua, akauliza watoto, lakini aliacha ile desturi yake ya kuniambia walichoimba Jumapili. Mimi, kwa hekima yangu ya chuo kikuu, niliona huo ni ustaarabu.

Mwezi wa Agosti ulipofika katikati nilibakisha insha mbili na Jumamosi mbili. Hesabu ilikuwa nzuri hata nikaanza kulipenda daftari.

Jumatano ya wiki hiyo mulamwa alikuja ofisini saa ya chakula cha mchana. Hakukaa.

"Mulamwa, umetuweka pabaya."

Nikauliza kumetokea nini. Nilijua kwamba mama mkwe alikuwa akiandaa ibada ya shukrani nyumbani kwake, kwa kuwa alifanyiwa upasuaji wa macho na sasa anaona hadi mlima wa pili. Wanawake wa kanisa walikuwa wamepanga kuja Jumamosi. Nilijua pia kwamba mimi sitarajiwi, na nilikuwa nimekwisha kuandaa sura ya huzuni ya kutumia nikipewa habari.

"Mama ameihamisha," alisema. "Amewaambia wanawake waje Jumapili, baada ya kanisa. Wamekataa. Wanasema Jumapili wako na njaa na miguu inauma, nani atapika? Unajua mama amewaambia nini? Mwenye miguu inamuuma abaki kwake. Amesema mtoto wake hawezi kusimama nje ya shukrani yake."

"Mtoto gani?"

Alinitazama kama ninavyostahili kutazamwa. "Katibu wao ameondoka kwa mkutano. Wanawake ameimba nao tangu mimi sijazaliwa, sasa hawasalimiani. Kwani huyo Mungu wenu wa Jumamosi hawezi kukupea ruhusa ya siku moja?"

"Nitaona," nikasema.

"Utaona nini? Utamuuliza?"

Alipoondoka nilibaki na mkate wangu mkononi. Jioni nilifungua daftari, nikitafuta mahali pa kuandika jambo hilo, na hapakuwepo. Palikuwa na mahali pa maji, pa usingizi, pa kutoonekana. Nikafikiria kumweleza mama Jumapili yenyewe, ibada ikiisha, wakati Jumamosi moja itakuwa imekwisha pita salama. Naona aibu kuandika hivi, lakini mkono ulikuwa umekwisha chora mshale.

Alhamisi alfajiri simu ililia.

"Mukhana, umeamka?" Mukhana ni binti. Hajawahi kuniita vingine.

"Nimeamka, mama."

"Mvua ilinyesha huko?"

"Ilinyesha."

"Haya. Kesho nakuja. Nitafika kabla jua lizame nisikuvunjie sheria. Nilale huko, Jumamosi twende pamoja kanisa yenu, halafu jioni unitafutie mtu wa pikipiki anirudishe."

Nilikaa kitandani wima. Mume wangu alifumbua jicho moja.

"Mama, twende kanisani kufanya nini?"

"Kuona. Macho si sasa niko nayo? Nimefikiria tangu Juni. Nimesema siwezi kugombana na mtu juu ya Mungu. Lakini nataka nione hao watu walikupatia nini ambayo sisi tulikunyima."

Kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyasogeza wiki ijayo.

"Mama, hakuna kanisa."

"Limefungwa?"

"Halijawahi kuwepo. Huwa niko hapa nyumbani. Nafunga pazia, naandika."

"Unaandika nini?"

"Kitabu."

"Cha nani?"

"Changu, mama. Nisipokimaliza mwezi huu hakitatoka."

Nilisikia jogoo wake, na redio yake, halafu jogoo peke yake. Alikuwa ameizima redio.

"Na chai uliyomkatalia mulamwa wako, ilikuwa ya kitabu?"

"Chai ilikuwa ya daftari."

"Daftari gani inakatazanga mtu chai?"

Nikajaribu kumweleza. Nilimweleza vijisanduku, rangi, mazoea, mipaka. Katika maisha yangu nimetetea tasnifu mbele ya maprofesa wenye njaa, na sijawahi kujisikia mjinga kama nilivyojisikia nikisema neno "vijisanduku" alfajiri ile.

"Na kuku?" akauliza.

"Kuku hata daftari halikunikataza kabisa. Ni nyinyi mliacha kunipa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Ukala mrenda. Jumapili zote hizo."

"Nilikula, mama."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na huruma hata chembe. "Basi Mungu ameshakuadhibu, mimi sitaongeza." Kisha kicheko kikaisha. "Lakini mimi niliomba juu yako. Nilipigana na wanawake wangu."

"Nisamehe, mama."

"Ungesema tu. Ungesema, mama, niko na kazi. Ulidhani ningekula hiyo kitabu?"

Ndivyo hasa nilivyodhani.

"Imebakisha nini?"

"Jumamosi mbili."

"Hii ya kwanza ni yangu. Nitawapigia wanawake leo niwaambie wameshinda, shukrani ni Jumamosi vile walitaka. Watafurahi wanipige makofi. Ile nyingine ni yako. Nitasema hapa nyumbani hakuna mtu kukupigia, hakuna mtu kufika kwako, hata mtu akufe atangoja Jumatatu."

"Watauliza sababu."

"Waniulize mimi?"

Nilifikiria kila mtu ninayemjua katika ukoo ule, nikaona hayupo atakayethubutu.

"Na hii habari ya kanisa," nikasema, "utawaeleza?"

"Mimi? Mdomo ni wako. Utasimama Jumamosi mbele ya hao wanawake, kabla ya chakula, useme mwenyewe. Wakikucheka, unakaa wanakucheka mpaka wamalize."

"Jumamosi moja haitatosha insha mbili, mama."

"Basi andika ya pili fupi. Saa moja asubuhi uwe umefika hapa. Viazi havijimenyi."

Akakata simu.